Kengele Iliyojipiga

Nilichapwa viboko vinne kwa kosa la ardhi. Ilikuwa Jumanne, tarehe 14 Mei 1985, nikiwa darasa la sita, na kosa lililotajwa mbele ya shule nzima lilikuwa kupiga kengele kabla ya wakati. Sikuipiga. Nilisema hivyo siku ile, nikasema tena nilipokuwa mtu mzima, nikamwambia hata mke wangu kabla hajawa mke wangu, na kila niliyemwambia aliniuliza swali moja: basi aliipiga nani? Hapo nilikuwa nanyamaza.

Shule siitaji jina. Ilikuwa moja ya shule za bonde la Lukuledi, upande huu wetu wa Nanganga, pale ambapo ukitazama kusini unaona ukingo wa uwanda wa Makonde umesimama kama ukuta. Kengele yetu ilikuwa kipande cha reli, urefu wa mkono wa mtu mzima, kimening'inizwa kwa waya kwenye tawi la mwembe mbele ya ofisi ya walimu. Kando yake ilining'inia bolti kubwa ya reli hiyo hiyo, imefungwa kamba ya katani, ndiyo ya kugongea. Mimi nilikuwa mpiga kengele. Kazi hiyo ilikuja na kazi nyingine, kujaza ufunguo saa ya mezani ya ofisini kila asubuhi, na ilinipa heshima moja kubwa: wenzangu wakienda shamba la shule alasiri, mimi nabaki kivulini kulinda saa.

Siku ile wenzangu walikuwa shambani wanavuna mtama. Saa kumi ilikuwa imepita, saa kumi na nusu haijafika. Nilikaa kwenye mzizi wa mwembe, natafuna kipande cha muhogo mbichi. Kitu cha kwanza nilichokiona ni kuku wa mwalimu mkuu. Walikuwa wanachakura chini ya dirisha, wakaacha wote kwa pamoja, wakainua shingo. Kisha mzizi ukahema. Sina neno jingine. Uliinuka na kushuka chini yangu kama ubavu wa ng'ombe aliyelala, mara tatu au nne, polepole, na mabati ya ofisi yakakoroma kutoka upande mmoja hadi mwingine. Upepo haukuwepo. Majani ya mwembe yalitulia kabisa, lakini bolti ilikuwa inabembea. Ikaigusa reli. Ti. Ikarudi. Ti, ti, ti.

Nikaruka nikaikamata ili isiendelee. Mwalimu wa zamu akatoka ofisini wakati huo huo, akanikuta na bolti mkononi, na nyuma yangu watoto zaidi ya mia mbili wanakuja mbio kutoka shambani na majembe mabegani, wanashangilia.

Ukweli ni kwamba hata mimi sikujua kilichotokea. Neno tetemeko nilikuwa nimelisoma kwenye Jiografia, pamoja na volkano na bonde la ufa, mambo ya huko kwenye milima mirefu. Madrasa nilikuwa nimehifadhi Suratul Zilzala tangu nina miaka saba, ni katika zile fupi ambazo kila mtoto anaanza nazo, na haikunipitia akilini hata kidogo kwamba zilzala ninayoisoma kila siku ndiyo ile iliyokuja kunikalia chini ya makalio.

Pale kijijini mtu mmoja tu alijua. Nesi wa zahanati alikuwa Mfipa, amehamishiwa kwetu kutoka Sumbawanga mwaka uliotangulia, na wagonjwa waliokuwepo walisimulia kwa wiki nzima jinsi alivyotupa daftari, akanyakua mtoto wa mwenzie aliyekuwa kwenye mizani, akatoka nje huku akipiga kelele wote watoke. Hakuna aliyetoka. Walimcheka. Waliona lori limepita, basi. Yeye alisimama katikati ya uwanja, mbali na ukuta, mbali na mti, mtoto wa watu kifuani, anangoja. Baadaye alipoulizwa alisema kwao ukiwa mtoto unafundishwa hilo kama sisi tunavyofundishwa kutotia mkono kwenye shimo. Babu yake alikuwa amelipitia tetemeko la Desemba 1910 lililoanzia upande wa ziwa Rukwa. Siku hizi wataalamu wanalipa kipimo cha 7.4, na ni katika makubwa kabisa yaliyowahi kupimwa barani Afrika. Sisi hatukuwa na babu wa namna hiyo.

Tulikuwa na wazee wa mitikisiko mingine, na usiku ule ule wakajitokeza.

Kama saa tatu na ushee tulikuwa uani kwa mjomba, tunapukuchua mahindi. Kibatari kilikuwa juu ya kinu kilichopinduliwa. Mjomba alikuwa na redio yake, ambayo betri zake zilishinda juani kwenye mabati mchana kutwa ili zipate nguvu ya taarifa ya habari, maana betri mpya mwaka 1985 ilikuwa kitu cha kuandikiwa barua. Ardhi ikaja tena. Safari hii ilikuwa na nguvu zaidi, au labda ni kwa kuwa usiku hakuna kingine cha kusikiliza. Maji kwenye mtungi yakapiga ukingoni, chwa, chwa. Jikoni magunzi mawili matatu ya mahindi ya mbegu yalidondoka kutoka darini juu ya moshi. Kivuli cha kibatari kikayumba ukutani ilhali sisi wote tumekaa kimya.

Mjomba akasema, "Treni."

Bibi, mama yake, ambaye alikuwa amelala kwenye mkeka na tulidhani amesinzia, akasema, "Mizinga. Inatoka Mahiwa."

Na jirani yetu, aliyerudi kutoka vita vya Uganda mwaka 1979, hakusema kitu. Alikuwa amejilaza kifudifudi mchangani, mikono kichwani, na hatukumtazama mpaka alipoinuka na kujikung'uta.

Nimekaa na majibu hayo kwa miaka mingi. Kila mmoja alikuwa amesikia kitu kile kile, na kila mmoja alikipa jina la mtikisiko wa mwisho mkubwa alioujua. Mtu akitaka kuandika historia ya Nanganga anaweza kuanzia hapo, akaiandika kwa vitu vilivyotikisa ardhi yake, kwa maana wenyeji wa ardhi hii walitikiswa na watu kabla hawajatikiswa na ardhi yenyewe.

Bibi alizaliwa katika njaa iliyofuata Maji Maji. Mwaka 1917 alikuwa msichana wa kutosha kubeba mtoto mgongoni, na ndivyo alivyofanya, alimbeba mdogo wake. Jeshi la Wajerumani chini ya Paul von Lettow-Vorbeck lilikuwa linarudi nyuma kufuata bonde la Lukuledi, na Waingereza wanalisukuma kutoka Lindi. Kati ya tarehe 15 na 18 Oktoba wakakutana Mahiwa, karibu na Nyangao, mashariki mwetu. Wajerumani, yaani maofisa wachache na askari wengi Waafrika, walikuwa kama 1,500. Upande wa pili, Wanijeria, Wahindi, askari wa King's African Rifles na wengineo, walifika karibu 5,000, na zaidi ya 2,000 kati yao waliuawa au kujeruhiwa kwa siku nne hizo. Wapagazi hakuna aliyewahesabu vizuri, na wapagazi ndio walikuwa ndugu zetu.

Bibi hakujua hesabu hizo. Alichojua ni kwamba walikimbilia juu, kwenye vichaka vya uwanda wa Makonde, ambako watu wa bonde walikuwa wakijificha tangu enzi za biashara ya watumwa, kwa sababu vichaka vile havipenyi mtu asiyevijua. Huko juu hakuna maji. Walikunywa umande na kutafuna mizizi. Na usiku mama yake alimfundisha kulaza sikio chini. Mizinga ikikaribia, ardhi inasema mapema kuliko masikio ya juu. Ikisogea mbali, unasikia mchanga umetulia. Kwa siku nne alilala hivyo, shavu mchangani, kutwa kucha, akipima vita kwa sikio. Miaka 68 baadaye, kwenye mkeka wake uani, sikio lile lile lilikuwa chini.

Baada ya vita hivyo Wajerumani walijiona washindi wakarudi nyuma hata hivyo, na mwezi Novemba wakavuka Ruvuma kuingia kwa Wareno. Ardhi ikakaa kimya kwa miaka 30.

Kilichokivunja kimya hicho kilikuwa karanga. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha ule mradi wa kulima karanga Tanganyika, Kongwa na Urambo na kwetu kusini Nachingwea, ili raia wake wapate mafuta ya kupikia baada ya vita vya pili. Kwa Nachingwea walihitaji bandari na reli, wakaanza kujenga vyote viwili: bandari Mtwara, reli kufuata bonde. Mjomba alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu. Alipata kazi ya kubeba mataruma, kisha ya kukaza bolti, na mshahara wa kwanza alinunua sanduku la bati. Mwanzoni mwa 1951 mradi ukatangazwa umekufa, pauni zaidi ya milioni 30 zimeingia udongoni, karanga hazikuonekana. Lakini reli ilikuwa imeshalazwa, ikaendelea kupita kwa miaka kadhaa ikibeba mbao, korosho na watu wachache. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikang'olewa. Mjomba aliifunga na mjomba akaifungua. Alilipwa mara zote mbili, na hilo lilimchekesha mpaka kufa kwake.

Alikuwa ananieleza kwamba treni ya usiku ilikuwa haitangazwi na honi. Honi inakuja baadaye. Kwanza maji ya mtungi yanapiga ukingoni, chwa, chwa, kisha unasikia miguuni, kisha ndipo masikioni. Ndiyo maana usiku ule alisema treni bila kufikiri, na ndiyo maana aliposikia habari ya viboko vyangu hakunihukumu kama wengine. Reli zilipong'olewa vipande vilivyobaki viligawanywa huku na huku, na kipande kilichokuwa kinaning'inia kwenye mwembe wa shule yetu alikipeleka yeye. "Reli imemsikia mwenzake," akasema. Hakuniambia niamini au nisiamini. Aliinuka, akaingia ndani, akaleta lile sanduku la bati na msumari.

Ndani ya kifuniko cha sanduku hilo ndimo alimoandika mambo yake yote. Alikuwa anakwaruza kwa msumari, herufi kubwa kubwa zisizofuata mstari: siku watoto walipozaliwa, siku reli ya mwisho ilipofumuliwa, msimu ugonjwa wa ubwiriunga ulipofanya maua ya mikorosho kuwa meupe kama yamemwagiwa unga. Akachora mstari mpya: 14.5.85 NCHI IMETIKISIKA MARA 2. Kifuniko hicho ninacho. Kimeshika kutu pembeni, lakini huo mstari unasomeka.

Kesho yake kila mtu alikuwa na lake. Shangazi aliyeolewa Newala alituma salamu kwa dereva kwamba huko juu alikuwa kwenye foleni ya maji, na mnaujua msururu wa Newala miaka ile, ndoo zimejipanga kuanzia alfajiri kungojea bomba litoe, akaona maji kwenye ndoo zilizojaa yanajikunja kama mtu ametia kidole katika kila moja. Wanawake walitazamana, hakuna aliyetoka kwenye foleni. Tetemeko au siyo tetemeko, ukitoka nafasi yako imekwenda.

Mwalimu wetu wa madrasa alitueleza kama alivyoelezwa na wa kwake, kwamba dunia imekaa juu ya pembe ya ng'ombe, ng'ombe amesimama juu ya samaki mkubwa, na ng'ombe akichoka huhamishia mzigo pembe ya pili. Nilimwuliza mbona ng'ombe wa Sumbawanga anachoka mara nyingi kuliko wetu. Nilijibiwa kwa namna ambayo inaongeza idadi ya viboko vya wiki ile kufikia sita. Wengine walisema ni mabaki ya Tendaguru, yale mafupa ya mijusi mikubwa ambayo Wajerumani waliyachimba kati ya 1909 na 1913 wakawabebesha Wamwera kichwani hadi bandari ya Lindi, na ambayo leo yamesimama Berlin. Kwamba wenzao waliobaki chini wanajigeuza kuwatafuta. Msikitini pakasomwa dua, ukapikwa ubwabwa. Mimi ni mmoja wa watu wachache ninaowajua waliokula ubwabwa wa tetemeko. Kisha msimu ukaendelea, na tukasahau. Kuanguka kwa zao la korosho kulitutikisa zaidi: nchi iliyouza tani zaidi ya 140,000 katika msimu wa 1973/74 ilikuwa inashuka kuelekea chini ya 20,000, na mikorosho ya wazee wetu imegeuka msitu. Nani atakumbuka maji ya mtungi?

Mimi nilikumbuka kwa sababu ya makalio.

Nilikua, nikawa karani wa mizani kwenye ghala la chama cha msingi, na hadi leo ndiyo kazi yangu. Ni kazi ya kutazama mshale. Gunia la korosho likipanda, mshale unatetemeka, na karani mwenye haraka anasoma kabla haujatulia, mkulima anapunjwa kilo. Mimi nangoja. Wakulima wananiita Mzee Ngoja, na walanguzi wa kangomba hawanipendi. Sijui kama ule mzizi wa mwembe ndio ulionifanya hivyo. Najua tu kwamba mshale ukitikisika wakati hakuna gunia juu, mimi ndiye wa kwanza kutoka nje, na mara zote imekuwa ni lori. Siku hizi yanapita usiku na mchana malori ya makaa ya mawe kutoka upande wa Songea kwenda bandari ya Mtwara, na nyumba za kando ya barabara zinatetemeka kiasi kwamba mtoto wa Nanganga wa leo, likija tetemeko lenyewe, atasema ni makaa ya mawe. Ana haki. Bibi alisema mizinga.

Lilikuja tena, na lilinikuta ugenini. Agosti 2020 nilikwenda Dar es Salaam kutibiwa jicho, nikafikia kwa binti yangu, ghorofa ya tatu. Jumatano tarehe 12, saa mbili na dakika kumi na tatu usiku, tuko mezani na taarifa ya habari inaendelea, kijiko kikaanza kugonga sahani. Ti, ti, ti. Mkwe wangu akatazama dari, akasema jirani wa juu anaburuta kochi. Mimi nilikuwa nimeshashika mkono wa mjukuu na niko mlangoni. "Tetemeko," nikasema, "tokeni." Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yangu kulitamka neno hilo kwa wakati wake, na nikiri kwamba pamoja na hofu nilisikia raha fulani.

Ngazi zilijaa watu. Mmoja ameshika televisheni, mmoja amefunga kanga kifuani anatafuta kandambili ya pili, watoto wanacheka. Chini, barabarani, watu walikuwa wanaulizana kama ni mabomu, kwa kuwa Dar es Salaam nayo ina mitikisiko yake ya kukumbuka, Mbagala Aprili 2009 na Gongo la Mboto Februari 2011, maghala ya silaha yalipolipuka. Kila mahali na mizinga yake. Baadaye ikajulikana ni kipimo cha 5.9 au 6, baharini, kusini mashariki mwa jiji, na hakuna aliyekufa.

Nilipiga simu nyumbani. Mpwa wangu akapokea akiwa dukani. "Shikamoo mjomba. Hapa kimya. Mbwa tu wamebweka." Kisha akaongeza kwamba huko tayari wanasema ni Mzee, kwa kuwa zilikuwa zimetimia siku 14 kamili tangu Rais mstaafu Benjamin Mkapa azikwe kijijini kwao Lupaso. Nikamwambia Mzee alisoma Ndanda, hapo jirani, angependa tusome kidogo kabla ya kumsingizia.

Usiku ule sikulala. Nilikuwa nafikiria matofali. Miaka minne nyuma, tarehe 10 Septemba 2016, Kagera ilipigwa na tetemeko la 5.9, nguvu ile ile kama hili la Dar, na watu wasiopungua 17 walikufa, nyumba kwa maelfu zikabomoka au kupasuka. Tofauti ni kwamba la Kagera lilikuwa chini ya miguu ya watu na mchana, na nyumba nyingi zilizoanguka zilikuwa za tofali lililounganishwa kwa udongo. Nyumba ya bibi ilikuwa ya fito na udongo, ukuta wake ulikuwa unakwenda na kurudi kama kapu. Sisi wajukuu tumeendelea. Tumejenga kwa tofali za kuchoma, nzuri, nyekundu, tumeshika kwa udongo kwa sababu saruji ni ghali hata pale inapotengenezwa Mtwara, na juu tumepandisha bati na mawe ya kulizuia lisipeperuke. Nilihesabu kichwani nyumba za mtaa wangu. Nikaacha.

Aliyenitoa gerezani alikuja mwaka uliofuata, na alikuja kwa shida ya mizani. Kijana mmoja wa mambo ya miamba alikuwa anazunguka milima ya huku akitafuta madini ya kinywe, amebeba vifuko vya mawe kwenye gari, na mizani yake ndogo imekufa. Akaomba kupima kwangu. Nilimpimia, mshale ukatulia, nikamwandikia. Alipotoa shukrani nikamwuliza swali nililokuwa nalo kwa miaka 36, kama ardhi ya hapa inaweza kutikisika hata reli ikalia.

Akakaa juu ya gunia. Akaniambia kwamba hapa petu ni mwamba mkongwe, vilima vile vya Masasi vinavyosimama peke yake kama vichwa vya mkate ni miamba ya mamia ya mamilioni ya miaka, na ndiyo maana tumezoea utulivu. Lakini bonde la ufa linatuzunguka. Magharibi linapita ziwa Nyasa na kuteremka Msumbiji. Mashariki, chini ya bahari, mbele ya Mtwara na Cabo Delgado, kuna mgongo wa mwamba unaoitwa Davie, ufa wa zamani ambao Madagaska iliteleza kandokando yake ilipoachana na Afrika. Ufa huo hadi leo haujatulia. Katikati ya mipasuko hiyo miwili kuna kipande cha nchi kinachosogea kivyake, milimita chache kwa mwaka, na wataalamu wa dunia nzima wamekipa jina la mto wetu: Rovuma. Nilimwomba arudie. Yaani tuna kipande chetu? Tunacho, akasema, na umekaa juu yake.

Kisha akafungua simu akanionyesha orodha, mistari mirefu ya tarehe na namba. Nikamwambia 14 Mei 1985. Akateremsha kidole taratibu. Ilikuwepo. Mara mbili, siku moja, katika mgongo huo wa Davie, yote mawili ya kipimo cha 6 hivi, zaidi ya kilometa 200 kutoka pale tulipokaa. Saa zilikuwa za Greenwich. Nikaongeza tatu, kwa mazoea yale yale ya kutoa uzito wa gunia tupu, nikapata alasiri, kabla ya saa kumi na nusu. La pili, saa tatu na ushee usiku.

Nilikwenda nyumbani kuleta kifuniko cha sanduku. Kijana akakipiga picha, akasema hajawahi kuona kumbukumbu ya tetemeko iliyoandikwa kwa msumari.

Mwalimu wa zamu wa siku ile bado yupo. Amestaafu, ana mikorosho yake, macho yamefifia lakini sauti ni ile ile. Ijumaa iliyofuata, baada ya swala, nilimfuata barazani kwake. Nikamwamkia, nikakaa, nikasubiri chai, kisha nikamweleza yote: mgongo wa Davie, Greenwich, saa tatu za kuongeza. Nikamwekea kifuniko mapajani akapapasa zile herufi kwa kidole, moja baada ya nyingine, muda mrefu.

"Marahaba," akasema mwishoni, kana kwamba ndiyo kwanza namwamkia. "Basi ile ya Jumanne tuseme ilikuwa ardhi." Akanywa chai. "Na Alhamisi ulipopiga kengele ya mapumziko nusu saa kabla, ardhi nayo ilikuwa na njaa?"